Moto Alioufukia Mama

Jirani amemwagia makaa maji, na harufu ya majivu yaliyolowa imeingia dirishani kwangu. Nimeacha kuosha vyombo.

Kwetu Timau baridi huuma mpaka mifupani. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma maua kwenye shamba la tajiri, mama alifukia moto chini ya majivu ili jioni asihangaike kuomba kaa kwa majirani. Alikuwa bado kama msichana. Wageni walidhani ni dada yangu. Akimaliza, alinipaka majivu puani na kucheka.

"Usiufukue mpaka nirudi," aliniambia asubuhi moja. "Ukifukuliwa mapema utaisha."

Siku hiyo alianguka mchana katikati ya maua, na hakuinuka tena. Mimi sikuwa nimeambiwa. Niliona tu shosho, mama yake, akiingia jikoni na wanawake wawili, amejifunika mdomo kwa leso. Alipiga magoti, akaokota kijiti, akaanza kufukua majivu ili apikie watu chai.

Nikamshika mkono. "Shosho, wacha! Mama amesema usifukuliwe mpaka arudi."

Kijiti kilibaki hewani. Wale wanawake wakageukia ukuta. Shosho akakiweka chini polepole, akayarudisha majivu kwa kiganja chake, kisha akanivuta ndani ya shuka lake.

Chai ya waombolezaji ilipikwa kwa jirani. Sisi wawili tulibaki pale kando ya mafiga, kwenye baridi, tukimngoja mwenye moto.