Mjomba Aliyejificha Stendi ya Buffalo

Haijanitoka kichwani, mwanangu, siku ile ya mwaka 2015 niliyojificha chooni kwenye stendi ya basi ya Buffalo, nikimkimbia mama mzee aliyeniletea chakula. Cheka tu, hata mimi sasa nacheka. Nimesikia nyinyi vijana wa kwaya mnapanga kwenda kutembea Cardiff, na kwamba mmepata njia ya bei ya chini kabisa. Njia hiyo nilishaipita. Kaa hapo nikueleze, kisha uende ukanunue tiketi yako.

Leo unaniita mzee, lakini wakati ule nywele zangu zilikuwa nyeusi na kichwa changu kigumu. Nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala hapa Louisville. Dada yangu mkubwa, Riziki, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Tulikimbia milima ya Kivu Kusini pamoja, tukakaa kambini Burundi pamoja, halafu karatasi zikatutenganisha: yeye akapelekwa Cardiff, huko Wales, mimi nikaletwa hapa Kentucky. Miaka minane hatukuonana. Ndipo akapiga simu kwamba binti yake Neema anaolewa. Na kwetu binti hatoki nyumbani mpaka mjomba wake amshike mkono na kumtoa mlangoni kwa maneno yake. Neema alikuwa na mjomba mmoja tu aliyebaki hai, ndiye mimi.

"Kama haukuje, mutoto atatoka namna gani?" dada akaniuliza. Nikamwambia nitafika, hata kwa kutambaa.

Nilipoiona bei ya kuruka kutoka Louisville, nikairudisha simu mfukoni kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba isiyo yake. Nikaanza kutafuta. Ndege ya kutoka Toronto kwenda London ilikuwa karibu nusu ya bei, mradi ubebe begi moja dogo. Basi, nikajiona mjanja. Louisville hadi Columbus kwa basi, nilale kwa shemeji. Columbus hadi Buffalo kwa basi, nilale kwa Mama Mapendo, jirani yetu wa kambini. Buffalo hadi Toronto kwa basi, nivuke mpaka kwa pasipoti yangu mpya ya Amerika. London hadi Cardiff, basi tena. Hoteli hakuna, mgahawa hakuna. Kazini niliwaeleza watu mpango huo, hata wale ambao hawakuniuliza.

Kuna kitu kimoja nilikisahau, na sijui nilikisahauje, maana nimezaliwa nacho. Kwa ndugu hulali kama unavyolala hotelini, ukaacha ufunguo mezani na kwenda zako.

Shemeji yangu Josué anakaa Columbus, karibu na Morse Road. Nilimwambia nitafika Jumanne jioni na kuondoka Jumatano asubuhi. Akasema, "Bon, hakuna shida." Nikafika nikakuta sebule imejaa watu waliokuja kunisalimia. Tulikula vizuri. Asubuhi, begi likiwa tayari mgongoni, mke wake akasema mgeni hatoki bila chai. Baada ya chai nikaambiwa mchungaji yuko njiani kuja kuombea safari. Mchungaji akaja. Akaombea barabara, akaombea ndege na rubani wake, akaombea watu wa Wales na malkia wao. Alipoanza kuiombea serikali ya Canada, nilifungua jicho moja nikatazama saa. Basi langu lilikuwa limeshaondoka. Nikapata la jioni, likanifikisha Buffalo Alhamisi asubuhi. Ndege yangu ilikuwa ya jioni hiyohiyo, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Basi la Toronto lilikuwa linaondoka saa mbili baadaye. Nikajisemea kwamba kwa Mama Mapendo siendi. Nikazima simu, nikashusha kofia, nikakaa. Sikujua kwamba Josué alikwisha kumpigia simu na kumtajia saa ya kufika kwangu. Muda si mrefu nikamwona kupitia kioo cha mlango, Mama Mapendo mwenyewe na fimbo yake, nyuma yake binti yake Aline amebeba hotipoti. Nikisalimiana na mama huyu, nikawaza, kutakuwa na chakula, halafu habari za kila mtu tangu kambini, halafu maombi, na Neema hatatoka. Nikaingia chooni.

Nilipochungulia, nilimkuta ameketi kwenye benchi linalotazamana na mlango wa choo, mikono juu ya fimbo. Basi la Toronto likatangazwa. Nikasema ataondoka sasa hivi. Likatangazwa mara ya pili. Ningeweza kutoka mbio nikampita, lakini miguu ilikataa. Nilikuwa na adabu ya kutosha kushindwa kumpita, ila sikuwa na ya kutosha kwenda kumsalimia. Basi likaondoka. Nikanawa mikono bila sababu, nikatoka.

"Ulisha maliza?" Mama Mapendo akaniuliza.

"Mama, basi limeniacha."

"Niliiona ikienda. Donc, ulikuwa unanikimbia mie?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa kuchelewa.

"Aline aliomba congé ku kazi, ruhusa ya siku nzima, juu yako," akasema. "Tulikuja na gari tukupeleke Toronto, mpaka ku ndege yenyewe. Ungenisalimia tu."

Mwanangu, nilitamani kurudi chooni.

Walishavuka mpaka ule mara nyingi kwenda kwenye harusi za watu wetu, kwa hiyo njia waliijua. Nilikaa kiti cha nyuma na hotipoti mapajani, nikila maharage kwa aibu. Tulipokwisha kutoka mjini, Mama Mapendo akageuka.

"Bon. Kule utasema nini?"

"Kusema nini, mama?"

"Maneno ya mujomba. Ya ku mulango."

Mimi nilioa kambini, kwa soda mbili na turubai, na wajomba zetu walikuwa wameshakufa. Maneno hayo sikuwahi kuyasikia. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kila basi na kila kilo ya begi, na nilikuwa naenda kusimama mbele ya dada yangu nikiwa mdomo mtupu. Mama Mapendo hakunicheka. Akaanza kunifundisha, sentensi moja moja, nikikosea ananirudisha mwanzo. Mpakani askari aliuliza tunakwenda wapi, nami nikamjibu kwa maneno ya mjomba, ikabidi Aline amweleze.

Ndege niliiwahi. Kutoka London nilipanda basi, na Ijumaa alasiri nikashuka Cardiff kwenye manyunyu. Mji ule unafaa mtu asiye na hela nyingi: unautembea kwa miguu, ngome ya zamani iko katikati kabisa, na kuitazama kwa nje hulipi. Vibao vyote vina lugha mbili, yao ya Wales ikiwa juu ya Kiingereza, na hilo lilinifurahisha sana.

Jumamosi nilimshika Neema mkono pale mlangoni kwa dada yangu, majirani wa Wales wakitazama kutoka madirishani. Nikasema, "Mtoto wa dada yangu, hatukufukuzi, tunakusindikiza. Mkono uliokupokea ndio unaokutoa. Ukiumizwa huko, rudi kwa mlango huuhuu, hakuna atakayekuuliza sababu." Nikasikia Riziki analia nyuma yangu.

"Nani alikufundisha?" akaniuliza baadaye. "Ndivyo mujomba alinitoa mie, weye ukiwa ungali mugongoni mwa mama."

Nikamtaja Mama Mapendo. Akauliza kama nilimsalimia vizuri. Nikasema ndiyo, na uongo huo nimeutubu mara nyingi.

Mama Mapendo alifariki miaka miwili baadaye. Yale masaa ya garini ndiyo yalikuwa ya mwisho mimi na yeye kukaa pamoja, na nilikuwa nimejifungia chooni ili niyakwepe. Bado inaniuma.

Kwa hiyo nunua tiketi ya bei ya chini, mwanangu, sikukatazi. Jibane kwenye kiti, beba mkate wako, ukalie begi mpaka lifungike. Lakini usiwabanie watu muda. Ukipita kwa ndugu, mwachie siku nzima, na kama huna siku, mwambie usoni asubuhi na mapema, atakuelewa kuliko unavyodhani. Na kabla ya kuuliza bei, uliza unakwenda kufanya nini huko, na ni nani bado yuko hai wa kukufundisha.

Mungu akutangulie. Upite Columbus ushibe, upite Buffalo usalimie, na mvua ya Cardiff ikukute mwenyeji wako ameshafungua mlango. Amina.