Bodi Inayopumua

Shemeji mtu ndiye aliyemgonga kaka yake kwa gari, akamwacha mtaroni, kisha gari lenyewe akamletea mke wa marehemu alinyooshe. Mke mwenyewe hakujua bado kwamba ni mjane.

Mtaani walimwita Mama Nyundo, fundi wa bodi. Asubuhi ile alikuwa ndiyo kwanza anafungua karakana, pikapu ikaingia kinyumenyume, ubavu ulioumia ukielekezwa ukutani.

"Umegonga nini, shemeji?"

"Ng'ombe wa watu."

"Ng'ombe gani huyo wa miguu miwili? Mbona pamebonyea hadi juu dirishani?"

"Shemeji nawe! Nyoosha, maneno weka akiba."

Shemeji akacheka, naye Mama Nyundo akacheka. Kicheko hicho anakijutia mpaka leo.

Bodi ya pikapu ile ilikuwa ya aluminiamu, na aluminiamu si bati. Haiwi nyekundu motoni. Huyeyuka ghafla bila kukuaga. Ndiyo maana fundi huipaka sabuni kwanza, na sabuni ikigeuka kahawia huondoa moto. Lakini shemeji alimsimamia kichwani, haraka, haraka, mpaka sabuni ikawa nyeusi. Mama Nyundo akagonga kwa nyundo ya mbao hata pakalainika kama shavu la mtoto. Alikuwa ananawa mikono walipokuja kumwambia mumewe ameokotwa mtaroni, amekufa.

Msibani shemeji alilia kuwashinda wafiwa wengine.

Baada ya mazishi pikapu ikarudi. Aluminiamu iliyozidishwa moto hulegea: ukiigusa huingia, ukiiachia hutoka. Siku ile hakuna aliyeigusa. Jua lilipohama ukutani, mlango ulibonyea wenyewe, polepole, mbele ya macho yao. Pakatokea umbo la mgongo mpana, na kando yake kiwiko kilichopinda kwa nje, kiwiko alichovunjika mumewe utotoni kisinyooke tena. Tk! Ukarudi laini.

"Paka puti tu, uzibe," shemeji alisema, uso kautazamisha barabarani.

"Puti haitashika. Bodi bado inapumua."

Ndivyo mafundi wote wanavyosema bodi ikilegea, na shemeji alilisikia neno hilo miaka nenda miaka rudi. Lakini aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Bado anapumua?"

Mama Nyundo alisema *inapumua*. Shemeji alijibu *anapumua*. Hata mtoto anayejifunza kusema hachanganyi mlango na mtu.

"Kumbe ulimwacha akipumua," akamwambia.

Shemeji aliondoka kwa miguu, funguo akaziacha zikining'inia.

Pikapu ingali pale, hakuna anayeidai. Kila jua likishuka mlango unaingia, unatoka. Mama mkwe anasema mkwewe amerukwa na akili kwa uchungu, na chakula cha jioni anakula kwa yule mwanawe aliyebaki.

Mjane hataki fidia. Shemeji anadaiwa maneno machache tu, ayaseme mbele ya mama yake: kwamba alimwona kaka yake akipumua, akarudi kwenye usukani, akaondoa gari.