Ubao wa Mdogo Wake

Tuseme ukweli: Randa alikuwa fundi hasa, ila kuomba radhi hakujua. Mchana alitengeneza milango ya watu. Jioni alijifungia karakanani akaunda mbao za kutelezea juu ya mawimbi, na hakuna aliyewahi kumwona akiuza hata mmoja. Aligawa. Na watu wa mtaa wake, ambao hawana dogo, walishaujua mchezo: ukimwona Randa anakuja kwako na ubao begani, jua amekukosea na maneno hayamtoki.

Mkewe alikuwa nazo nne, na kuogelea hajui. Mmoja aliufanya meza ya kupigia pasi. Shemeji yake mwenye duka, ambaye Randa aliwahi kumwita mwizi mbele za watu kisha msumeno uliopotea ukaonekana chini ya meza, aliugeuza wake benchi la wateja. Mtu akilisifia benchi lile, shemeji anamjibu, "Hiyo ni samahani. Kaa tu, haing'ati."

Huu wa mwisho ulikuwa wa mdogo wake, ndugu yake wa pekee, tumbo moja. Mawimbi walijifunza pamoja, juu ya mlango mbovu walioung'oa kwenye banda la kuku, mmoja amelala, mwingine anasukuma. Mama yao alipougua, mdogo ndiye aliyemhamishia kwake, akamlisha, akamgeuza kitandani. Asubuhi moja akapiga simu: "Kaka, njoo. Mama anakutaja." Randa akasema anakuja. Lakini siku hiyo bahari ilikuwa imeamka vizuri, mawimbi yamejipanga, naye akajiambia aingie kidogo tu. Kidogo gani, jamani? Alipofika, nywele bado mbichi kwa maji ya chumvi, mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Mdogo hakugomba. Alimtazama zile nywele, akatoka nje. Baada ya mazishi hawakusemezana tena.

"Mpigie," mkewe alimwambia. "Mwambie nisamehe. Neno lenyewe fupi."

"Namtengenezea kitu."

"Mume wangu, mwenzio hajakosa mbao."

Akajitia hamnazo, akaenda zake karakanani.

Na kazi aliifanya, huo ufundi humnyang'anyi. Alichagua mbao nyembamba nyepesi, akaunda mbavu za ndani, akazifunika kipande kwa kipande kwa gundi. Vibanio vilipomwishia alifunga kwa mipira ya baiskeli iliyochakaa. Akapiga msasa mpaka kiganja kikapita bila kujua kipande kimoja kinaishia wapi. Na humo ndani, peke yake, maneno yalimtoka kama maji. "Nisamehe, mdogo wangu," aliuambia ubao. "Niliona mawimbi nikamwacha mama." Aliyarudia kila jioni, mpaka akaamini kwamba ameshayasema.

Ulipokauka vanishi, akaupakia kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe mpaka kwa mdogo wake.  Alichotaka ni kitu kimoja tu, arudi kuitwa kaka katika nyumba ile.

Mdogo alimfungulia, akampisha. Ukumbini zilikuwa zimeegemezwa mbao mbili za zamani, mmoja wa mwaka ule Randa alipojimilikisha karakana ya baba yao, mwingine wa harusi ya mdogo wake ambayo hakuhudhuria. Hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Hazijawahi kulowa.

"Mzuri," mdogo alisema, akipitisha kiganja juu ya ule mpya. "Wa nini?"

"Zawadi."

"Zawadi ya nini, Kaka?"

Ameitwa kaka. Alichobakiza ni neno lile fupi. Randa akaushika ubao mkiani. "Ukiutoa majini, legeza hii skrubu ya mkiani," alisema. "Ndani ni mtupu. Ukiuacha juani umezibwa, hewa inavimba, mbao zinaachana."

"Nimesikia." Mdogo alikaa kwenye mkono wa kochi. "Sasa na wewe nisikilize. Mama aliniuliza kama umefika. Nikamwambia umefika, unavua viatu. Akafurahi. Akawa anautazama mlango mpaka macho yakasimama. Nilimdanganya mama yangu kwa ajili yako, na uongo huo nalala nao mimi. Haya, sema kitu."

 Yale maneno ya karakanani Randa alikuwa nayo, yote. Akainamisha uso kwenye ubao, na jicho la fundi, jicho baya lile, likaona mahali ambapo vanishi ilikuwa imechuruzika ikaganda.

"Hapa una kasoro," alisema. "Nitakutengenezea mwingine."

Mdogo wake alisimama. Aliunyanyua ule ubao taratibu, asije akaugonga ukutani, akautoa nje mpaka kwenye mkokoteni. Akarudi akachukua zile mbili za zamani, akazilaza juu yake.

"Mdogo wangu," Randa alisema.

"Shika kamba upande huo."

Akaishika. Mdogo akazungusha, akakaza fundo, akazitikisa mbao kuona kama zitafika salama. Kisha akaingia ndani, na Randa akasikia ufunguo ukizungushwa.