Chaki kwenye Tairi la Mbele

Siku ya kwanza kazini nilivaa ovaroli iliyopigwa pasi, maana mama alitaka Songea nzima ijue nimeajiriwa. Mkuu wa Karakana, mzee wa Kimatengo asiye na maneno mengi, hakunipa hata spana. Alinipa chaki. Nichore mstari kwenye tairi la mbele na la nyuma, trekta isukumwe, nihesabu mizunguko. Nilihesabu mpaka mchana, nikajiuliza kama nimeajiriwa ualimu.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Wafanyabiashara walianza kuleta trekta ndogo zilizotumika, ambazo magurudumu yote manne yanavuta. Nyie vijana mnavuta mkono wa gia tu mnaondoka, kwa hiyo sikilizeni. Matairi ya mbele ni madogo, basi ili yaende sawa na ya nyuma lazima yazunguke mara nyingi zaidi. Gia zimekatwa kwa hesabu hiyo, na ya mbele yameongezewa kasi kidogo ili yavute, yasisukumwe. Kwenye matope utaipenda: pale trekta kubwa inapochimba shimo, hii ndogo inajikokota na kutoka. Aliyebuni kitu kile alikuwa na akili, jamani!

Lakini ukibadili ukubwa wa tairi, umevuruga hesabu. Udongo laini husamehe, kwa sababu tairi linateleza. Ardhi ngumu haisamehe. Nguvu inabana ndani ya gia mpaka mkono wa kuunganisha magurudumu ya mbele unakwama.

Nilipohamishiwa Tunduru nilijiona bingwa. Wakulima wa kijiji cha Namasakata walileta trekta yao, matairi ya mbele yamekwisha. Saizi yake haikupatikana, nikafunga madogo kidogo tu, kwa macho hutambui. Chaki sikuigusa.

Wiki ya pili, mvua za kupandia zimeshafika, gia za mbele zikasagika barabarani. Dereva wao, Bwana Issa, aliapa kwamba alipotoka shambani alivuta mkono kuachanisha magurudumu ya mbele, ukakataa. Hakuna aliyemwamini. Walisema ni uvivu wa kuuvuta, wakaitisha kikao wamfukuze. Mtu ana watoto sita. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaa kimya nikitazama viatu vyangu.

Mkuu wa Karakana alikuja kwa basi kutoka Songea, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi chaki mbele ya wote. Tukasukuma. Daftari lake, alimoandika hesabu trekta hiyo ilipofika Songea mara ya kwanza, lilisema ya nyuma yakizunguka mara kumi, ya mbele kumi na sita. Nilihesabu kumi na saba na ziada.

"Nani alifunga matairi haya?" aliuliza polepole.

"Mimi, mzee. Issa hana kosa. Mkono ulikwama kwa sababu yangu."

Nilingoja kufukuzwa. Mzee akavua koti, akaingia chini ya trekta, akaniambia nishike upande wa pili. Tulifanya kazi siku tatu, tukatoa gia zilizosagika, trekta ikabaki inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Issa akalima, mahindi yakawahi mvua.

Sasa nimestaafu, niko Ruhuwiko, magoti yamegoma kuingia chini ya mtambo wowote. Yule mzee alipofariki, watoto wake waliniletea daftari lake. Nilitafuta ukurasa wa trekta ya Namasakata nikijua nitakuta aibu yangu. Chini ya hesabu alikuwa ameandika: "Fundi amehesabu sawasawa. Amesema mwenyewe." Nililia pale pale, mbele ya watoto wake.