Mto wa Jeki

Niseme mwenyewe, maana nisiposema mimi watasema wengine, na wao wataongeza chumvi. Nimewahi kumlilia mama yangu kwa Kikurya, kwa sauti yote niliyopewa na Mungu, mchana kweupe, nikiwa mwanaume mwenye ndevu na mke nyumbani, huku wanawake wa soko la Tarime wakinisikiliza. Mimi huyuhuyu niliyesimama jandoni bila kupepesa jicho. Kisu hakikunitoa sauti. Kagari ka Mzungu ndiko kalikonitoa sauti zote nilizokuwa nimeziweka akiba.

Ilikuwa miaka ya hamsini, ile ya mwishoni. Nilikuwa nafanya kazi gereji. Hilo neno gereji nalitumia kwa heshima tu, maana lilikuwa banda la bati nyuma ya soko, sakafu ya udongo uliokunywa oili mpaka ukawa mweusi. Mafundi tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu ambaye tulitahiriwa msimu mmoja. Watu wa rika moja kwetu wanatukanana watakavyo, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Shule wote tuliiacha njiani. Mimi niliiacha katikati ya hesabu ya kugawanya, na mpaka leo sijui jibu lilikuwa nini.

Siku hiyo mwenye gereji alikuwa amekwenda Musoma kutafuta vipuri. Wanaume wengi wa mji walikuwa mnadani kwenye ng'ombe. Ndipo akaingia Mzungu mmoja wa mgodini, upande wa Matongo, na kagari kekundu kasikokuwa na paa. Lilikuwa gari la mbio, fupi, kuku angeweza kuchungulia ndani. Alilipeleka mpaka Natta kutazama wanyama, likapanda jiwe, na sasa bomba la moshi lilikuwa linaburuta chini kama mkia wa ng'ombe mgonjwa.

"Tengeneza," akasema. Halafu akapapasa ubavu wa gari kama anapapasa farasi. "Lakini hapana kwaruza. Hapana kunja. Nasikia?"

"Nasikia, bwana," nikajibu, na yeye akaenda kunywa chai dukani kwa Mhindi.

Sasa elewa shida yetu. Sisi tulizoea malori. Lori unalipiga jeki chini ya ekseli, unaweka kigogo chochote, unaingia chini ukipiga mluzi. Gari hili jeki yetu haikuweza hata kuingia chini yake. Tukachimba shimo, tukalaza ubao ndani ili jeki isizame, tukaiweka juu ya ubao. Hapo sawa. Ikabaki kichwa cha jeki. Chuma kile kikiuma ukingo wa gari jepesi namna ile, bati linakunjika kama sufuria. Lazima kati ya jeki na gari kukae kitu. Sisi tulikiita mto, kama ule wa kulalia kichwa, ila huu ukichagua vibaya hulali, unalazwa.

Rafiki yangu akaleta kipande cha mkaratusi.

"Huo ukibanwa unapasuka," nikamwambia.

"Basi leta wako, mura," akasema, yaani kijana mwenzake.

Nikaenda nyuma ya banda nikaleta ngozi yangu. Kilikuwa kipande cha ngozi ya fahali, kinene, nilichopewa na mama nikalie wakati wa kula. Nikaikunja mara mbili.

"Hii," nikasema, "babu zako walitengenezea ngao. Mikuki ya Wamaasai ilishindwa, ngozi hii ije kushindwa na jeki?"

"Ni kavu?"

"Kavu kama mfupa wa tembo."

Akaigonga kwa ukucha, ikalia ko. Akaridhika. Tukapandisha gari, tukavua gurudumu la nyuma, na yeye akalisukuma gurudumu lenyewe chini ya ubavu, limelala, iwapo lolote litatokea. Nikamcheka. Nikamwambia anaogopa kuliko mke wangu. Nikalala chali, nikaingia chini na waya wangu wa kufungia bomba.

Kitu nilichosahau, na ambacho mtoto yeyote wa Mkurya anakijua, ni jinsi mama zetu wanavyolainisha ngozi. Wanaipaka samli. Wanaikanda, wanaianika, wanaipaka tena, mwaka baada ya mwaka. Juu inakauka mpaka inalia ko. Ndani imeshiba. Iweke chini ya uzito, kwenye jua la saa saba, chini ya bati lenye moto, na samli yote ya mama yako inaanza kutoka taratibu kuja kukusalimia.

Tone moja lilinidondokea shavuni. Nikasema moyoni, hii oili ina harufu ya nyumbani.

Halafu ngozi ikachomoka kama samaki mkononi, jeki ikalala, na gari likashuka.

Lilishukia lile gurudumu nililolicheka. Ukingo wa chuma ukasimama juu ya kifua changu, ukanigusa na kunibana, kiasi kwamba pumzi nzima sikuweza kuvuta, ila vipande vipande. Nikatulia. Nikafikiri, haya, nimepona. Ndipo nikasikia sauti karibu na sikio. Sssss. Ukingo wa bati ulikuwa umetoboa tairi. Gurudumu lililonishikia roho lilikuwa linaishiwa upepo, na kila upepo ukitoka, chuma kinanikaribia.

Hapo ndipo nilipomwita mama.

Wanawake wa sokoni wakaja mbio. Niliona miguu tu, na vumbi, na maharage yaliyomwagika. Wakashika ubavu wa gari kulinyanyua kwa mikono. Gari likayumba, gurudumu likasogea kidogo, na chuma kikaja chini upana wa kidole.

"Acheni! Acheni, mama zangu!" Rafiki yangu alipiga kelele. "Likitoka juu ya gurudumu amekwisha!"

Wakaacha. Akapiga magoti, akachungulia. Macho yake yalikuwa makubwa kama ya ndama.

"Unapumua?"

"Nusu."

"Tumia hiyohiyo nusu."

Akachomeka jeki shimoni tena, akaweka ule mkaratusi wake, akazungusha. Nikasikia mti ukilia, kra, ukapasuka katikati. Mwanamke mmoja akaleta jiwe bapa la kusagia. Rafiki yangu akalitazama, akalirudisha.

"Jiwe juu ya chuma, mama, ni kama hii ngozi ya huyu mjinga. Linateleza."

"Weka chuma chenyewe!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mzungu, aliyekuja anakimbia, kikombe bado mkononi. "Piga jeki! Kunja gari! Gari hapana kitu! Toa yeye!"

"Bwana, siogopi kukunja," rafiki yangu akajibu bila kugeuka. "Bati likikunjika, jeki inapinda, inaanguka. Nataka kitu kinachoshika. Kisichopasuka, kisichoteleza."

Sssss, tairi likasema. Na mimi, kwa kusikia neno tairi kichwani mwangu, nikapata akili ya kwanza siku hiyo.

"Viatu," nikasema.

"Nini?"

"Viatu vyangu. Vya tairi."

Nilikuwa nimevaa katambuga mpya, zimekatwa kwenye tairi la lori, nzito, ndizo nilizokuwa naendea kanisani. Miguu yangu ilikuwa imechomoza nje ya gari. Rafiki yangu akazivua upesi, cha kushoto, cha kulia. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika kwa namna nyingine, maana kwetu mtu anayelala chini ya kitu, hatikisiki, na mwenzake anamvua viatu, huyo anajulikana ni nini. Mama mmoja akatoa ukunga. Wa pili akapokea. Soko zima likaanza kunililia.

"Mimi mzima!" nikasema, lakini kwa nusu pumzi nani atakusikia.

Nikaona haya. Nikajiambia, kama ni kufa, nife kama nilivyosimama jandoni, kimya. Nikafunga mdomo. Nikasikia panga likikata mpira, tap, tap. Alikuwa anakata visigino, akiacha ile sehemu ya mbele yenye misumari ya mikanda, maana msumari nao ungeteleza. Akaviweka viwili, kimoja juu ya kingine, upande wenye meno ukatazama chuma. Nikasikia jeki ikianza kuzunguka.

Halafu ikasimama. Halafu, bwana wee, chuma kikanishukia. Kidogo tu, lakini kilikuwa kidogo cha mwisho nilichokuwa nacho.

"Mamaaa!" nikaachia.

Jeki ikazunguka haraka, upande mwingine sasa. Mpira ukabonyea, ukanyamaza, ukashika. Chuma kikaondoka kifuani kwangu kama mgeni aliyekumbuka ana safari. Mikono ikanidaka vifundoni ikanivuta, nikatoka nje mgongo umechubuka, miguu mitupu, uso umejaa samli. Wanawake waliokuwa wananililia wakanizunguka. Mmoja akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Kumbe mzima! Na maharage yangu je?" Mzungu akakaa chini palepale kwenye oili na suruali yake nyeupe. Kikombe chake kilikuwa kitupu na alikuwa bado anakinywa.

Jioni tulikaa nje ya banda, mimi nimejifunga kitambaa kifuani. Bomba tulikuwa tumelifunga, mimi na rafiki yangu. Nilijua kelele zangu zitatembea mpaka Sirari, kwa hiyo nikaamua kuomba mapema.

"Sikia, mura. Ukiwasimulia wa rika letu, sema nililia mara moja. Ile ya pili iache."

Alikuwa anajaribu kuwasha sigara, njiti zinamzimikia.

"Ile ya pili ndiyo nitakayoisimulia," akasema. "Ulipokuwa unalia nilikuwa nafanya kazi vizuri kabisa. Uliponyamaza ndipo mikono yangu iliposahau jeki inazungushwa upande gani."