Yule Tusiyemtaja Alipoanza Kujibu Wateja

Mama mmoja wa Rongai aliingia dukani kwetu Kitengela na binti yake, akaketi kabla sijamkaribisha, akafungua vifungo vya sweta kama mtu aliyefika kwao.

"Yuko wapi yule mama wa kucheka?" akauliza.

Nilikuwa natoboa ngozi. Sindano ikasimama hapo hapo.

"Mama gani?"

"Si mwenye duka! Ametuambia tukuje leo, asubuhi asubuhi. Tumeongea naye jana."

Sasa, mama wa kucheka alikuwa mmoja tu katika hilo duka, na tulikuwa tumemzika kabla ya mvua, huko nyumbani, ukishapita mji wa Kajiado ukielekea Bisil. Mimi mwenyewe nilimfunga shuka. Binti akanipa simu nione. Kusoma nasoma pole pole, maana nilitolewa shule mapema nikachunge ndama, lakini picha haitaki shule. Alikuwa yeye. Shingo ile, mwanya ule wa meno, shanga za bluu ambazo alikataa kuziuza hata kwa Mzungu. Na chini ya picha maneno, binti akanisomea: "Karibuni wapenzi wangu. Mzigo mpya umefika. Mgongo unaniuma leo lakini nitawahudumia wote."

Mgongo. Hapo ndipo nilitafuta stuli. Huyo mtu alilalamikia mgongo kila siku ya Mungu, akiinama, akiinuka, hata akiomba.

Wacha niseme alikuwa nani kwangu, kwa sababu watu wa kanisa hawapendi kuuliza na mimi sipendi wakijifanya hawajui. Alikuwa mke mkubwa, mimi nikawa mdogo. Mzee wetu alituoa kabla hajaokoka, na alipookoka hakujua atupeleke wapi. Miaka ya kwanza hatukupendana, huo ni ukweli. Aliniambia napika chai kama maji ya kuogesha mbuzi. Lakini mzee alipokufa tulibaki wanawake wawili na sufuria moja, na huwezi kumchukia mtu mnayetumia naye sufuria moja. Yeye ndiye alisema tuhamie Kitengela tufungue duka la shanga. Za harusi, za kwaya, za wasichana wanaomaliza chuo wakitaka kupigwa picha. Mimi mikono, yeye mdomo. Kila mtu na kipawa chake.

Binti yake, yule anafanya kazi ya kompyuta hapa mjini, alimfungulia ukurasa kwa ule mtandao wa picha. Aliufungua kwa namba ya simu ya mama yake. Basi huyo mama angeketi mbele ya simu, acheke tu, na watu wangekuja. Kutoka Nairobi, kutoka Loitokitok, hata watu wa ng'ambo waliagiza. Nilidhani ni uchawi. Niliona wivu kidogo pia.

Ndipo akafa. Na kwetu mtu akifa jina lake halitajwi. Si chuki, ni heshima, anaachwa apumzike. Ukilitaja unamwita, na ukimwita ageuke aone nini? Kama kuna mtoto nyumbani aliyepewa jina hilo, anapewa lingine. Kwetu alikuwepo, mjukuu wa miguu mirefu, na hata sasa ukimwita kwa jina jipya anachelewa kuitika. Simu ya marehemu tuliizima, tukaifunga kwa leso, tukaiweka kwa sanduku la bati na kopo lake la ugoro. Hakuna aliyetaka kuigusa. Na kwa ule ukurasa, jina la marehemu lilikuwa ndilo jina la duka, limeandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa.

Binti aliniuliza mara moja, "Yeyo, si tuwaambie wateja?" Yeyo kwa Kimaasai ni mama, hivyo ndivyo ananiita mimi pia.

Nikamwambia, "Utawaambia namna gani bila kumtaja?"

Tukaacha ukurasa ukae hivyo, na picha yake akicheka, kama nyumba ambayo mwenyewe ametoka kidogo kuchota maji.

Narudi kwa mama wa Rongai. Watu wake ni wa magharibi ya nchi, lakini binti alikuwa anaolewa na kijana wa huku Kajiado, na alitaka siku ya kuingia kwa wakwe asionekane amevaa shanga za watalii. Nilimwambia, "Huyo mama hayuko."

"Tutamngoja. Ameenda wapi?"

"Hayuko, mama. Hayuko kabisa."

Alinitazama. Halafu akaitazama simu ya binti yake pale mezani, kwa sababu ilikuwa imetetemeka. Binti akaichukua, akasoma, akairudisha mezani pole pole kama kikombe kilichojaa sana.

"Anauliza kama tumefika," akasema.

Nje mtu wa kinyozi alikuwa anapiga redio. Upepo wa Kitengela unajulikana, unabeba vumbi la mawe tangu asubuhi, na siku hiyo ulikuwa unasukuma pazia la mlango, unalirudisha, unalisukuma. Mama wa Rongai akaanza kufunga vifungo vya sweta.

Binti wa marehemu alikuja mbio nilipomwita. Akachukua simu yake, akapiga namba ya mama yake. Mimi nilikuwa najua simu yenyewe iko kwa sanduku, imefungwa, imezimwa. Hata hivyo niliisikia namba ikiita kwa spika ya simu ya binti. Ikaita tena. Kisha ikashikwa.

"Haloo, nani mwenzangu?" Sauti ya mwanaume. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia.

"Hiyo laini umeitoa wapi?" binti akauliza. Sikuwahi kumsikia akiongea na sauti kama hiyo.

"Nimenunua, dada. Laini ni yangu. Nyinyi watu mnanisumbua na shanga, mimi niko na shanga?" Akakata.

Hapo ndipo nilielewa, kwa sababu binti alinieleza kama anavyoelezwa mtoto. Laini ikikaa imezimwa muda mrefu, inachukuliwa, inauzwa upya. Sisi tulidhani tumeilaza na mwenyewe, kumbe ilikuwa inarudishwa sokoni. Na aliyeshika namba anaweza kufungua ukurasa uliofunguliwa kwa hiyo namba. Labda ni yule wa kuku, labda kuna aliyeishika mbele yake, mpaka leo sijui na sitaki kumsingizia mtu. Aliyeingia alikuta kila kitu: picha, video, hata mazungumzo yote ya zamani na wateja. Akasoma. Akajifunza kusema "wapenzi wangu". Akajifunza mgongo.

Binti aliwaandikia wenye mtandao waufunge ule ukurasa. Wakajibu kwamba ombi limepokelewa. Akaandika tena, limepokelewa tena. Mimi nimezoea ofisi ya chifu, unaketi kwa benchi mpaka aone haya, akuite. Hawa hawana benchi.

Na watu waliendelea kuja. Mwingine anasema ameambiwa ashukie karibu na soko angojewe. Mwingine amekwisha tuma pesa ya kuanzia kazi, analia mbele yangu, na mimi kazi yenyewe sijawahi kuisikia. Jirani wa saluni akaanza kupita mlango wetu akiangalia chini. Siku moja alisimama mbali kidogo, akaniambia, "Mama, huyo wenu anazunguka. Jana amenitumia salamu."

"Ulimjibu?"

"Nijibu maiti? Niko na watoto!"

Nilimwita mchungaji. Alikuja na tai nyekundu, aliombea mlango, aliombea mashine ya kushona, aliombea hata mzani ambao hatutumii. Alipomaliza akaniambia, "Mama, roho hazitumii bando." Tukacheka. Lakini niliona alipoondoka alikuwa ameshika simu yake na vidole viwili tu.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mchungaji. Siku moja mchana, duka liko tupu, nilijifunza kwa msichana wa saluni vile mtu anatuma sauti. Nilimwambia ni ya kutuma kwa dada yangu. Alipoenda nikafungua ule ukurasa, nikaitazama ile picha sana. Nikabonyeza, nikasema neno moja: "Takwenya."

Hiyo ndiyo salamu ya wanawake kwetu, na jibu lake ni moja, "Iko." Hata mtoto anayetambaa analijua. Hata mgonjwa ambaye hamtambui mwanawe atalijibu. Yeye alinijibu nalo asubuhi zote za maisha yetu, hata zile asubuhi ambazo tulikuwa hatusemezani.

Nikaweka simu kwa mapaja. Sijui nilikuwa naogopa lipi, jibu lije au lisije.

Likaja andiko. Nikalisoma herufi kwa herufi na kidole. "Sawa mama. Unataka saizi gani?"

Niliwaza, asante Mungu, si yeye. Na nyuma ya hilo wazo kukaja lingine: si yeye. Nilikaa pale mpaka chai ikaota ngozi.

Jioni ile nilimwambia binti, "Fanya ile kitu umekuwa ukisema."

Alikuwa amesema hata kabla ya kifo: duka liwe na tovuti yake. Mimi nilikuwa nakataa. Nilimwuliza ya nini, na watu wote wako kwa ule mtandao? Akaniambia pale kwa mtandao tumepewa mahali pa kuketi, hatujapewa shamba. Mwenye mahali akitaka anakuhamisha, mwizi akiingia huna wa kumwita. Tovuti jina ni lako, umeliandikisha, unalilipia kila mwaka kama kodi ya plot, na funguo unazo wewe. Usipolilipia utalipoteza pia, hakunificha. Mimi nililifikiria kwa akili yangu. Soko la mifugo la Bisil, unaenda na ng'ombe kwa sababu wanunuzi wako huko. Ukikosa kwenda utakula ng'ombe wako mwenyewe. Lakini hakuna mtu anayelala sokoni. Mnunuzi akitaka kujua wewe ni wa ukweli, anauliza boma lako liko wapi. Sisi tulikuwa tumefanya soko boma.

Basi akaja na kompyuta, tukaketi. Tukagombana jambo la kwanza tu.

"Yeyo, lazima tuweke jina lake na picha."

"Hapana."

"Watu wanatafuta kwa jina lake! Tukiliacha tunamwachia mwizi. Yeye analitaja kila siku, sisi wenyewe tunaliogopa."

"Siogopi. Nimekataa tu."

"Ni mama yangu!"

"Na mimi ni nani? Nilimfunga shuka nikiwa mpita njia?"

Akatoka nje, akasimama kwa vumbi. Sikumfuata. Nilijua ana haki. Jina likibaki kule, yule mtu ataendelea kumwita, asubuhi na jioni, mbele ya watu wasiomjua, na marehemu huko nyumbani chini ya mawe ageuke kila mara akidhani ni sisi. Lakini pia nikilitaja mimi ili kumnyamazisha mwingine, si tutakuwa wawili wa kumwita?

Aliporudi nilimwambia apige picha mikono yangu. Akashangaa. Nikachukua uzi, nikaanza ule mshono wa marehemu, shanga nyeupe zikivuka nyekundu kwa pembeni, ambao alinifunza baada ya miaka mingi ya kuninyima. Hakuna mwingine hapa mjini anayemalizia ukingo hivyo, na kila mteja wetu anao nyumbani kwake. Nikamwambia, hilo ndilo jina. Anayetujua atajua. Duka tukaliita kwa ule mshono. Juu kabisa akaandika maneno yangu, akinyoosha tu Kiswahili: "Mama mliyezoea kuongea naye amepumzika. Anayewajibu kwa picha yake si mtu wetu. Sisi ndio hawa, duka ni hapa, na mlango uko wazi mchana kutwa. Tunaomba msimwite tena."

Ule mtandao hatukuuacha. Tulifungua ukurasa mwingine, kwa namba iliyo hai, na kila picha inayowekwa huko inamwelekeza mtu kwa tovuti. Mama wa Rongai alisambaza yale maneno kwa kikundi chake cha kanisa na kikundi cha wapangaji, na huyo mama akianza kusambaza hakuna redio inayomshinda. Shanga za binti yake nilizifanya. Wakwe walizishika, wakazigeuza, hawakusema kitu, na kwa Mmaasai hiyo ni sifa.

Ule ukurasa wa zamani ulichukua muda. Binti alikuwa ananiambia. "Karibuni wapenzi wangu," unaandika, na chini hakuna aliyejibu. Kesho tena, karibuni. Siku nyingine, mgongo unaniuma, na kimya. Hilo liliniumiza kuliko mwanzo, mtu anayeita ndani ya nyumba tupu kwa sauti ya mtu wako. Halafu yule mwizi akaondoa picha. Halafu jina. Sasa huko anauza viatu.

Nilidhani nitafurahi. Nilimwambia binti, basi, sasa amelala. Akaitikia kwa kichwa, akaingia chumba cha nyuma kutafuta ngozi. Alikawia. Nikasikia pazia likisongezwa, kisha, kwa chini kabisa, kile kicheko. Alikuwa ameweka video moja ya mama yake kwa simu.

Mguu wangu ulikuwa tayari mlangoni, nikamkataze. Kicheko kiliendelea mpaka mwisho, kikaanza tena. Nikasimama pale na mkono kwa pazia, nikingoja kiishe ndio niingie.