Mteja Aliyetaka Steringi Asife

Kuna mteja aliwahi kuja kibandani kwangu akaniomba nizuie mtu asife.

Sitanii. Aliweka flashi mezani, akavuta kiti cha plastiki, akakaa, akasema, "Binti, huyu mwanamke asife. Fanya unavyojua."

Mwanamke mwenyewe alikuwa wa kwenye tamthilia.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapo mtasema nimechanganyikiwa.

Mimi nina kibanda cha muvi. Nina kompyuta mbili, moja mbovu, feni inayopiga kelele kuliko upepo inaotoa, na kuta zimejaa picha za waigizaji walionuna na bunduki zao. Mtu analeta flashi, anasema anachotaka, namwekea, anaenda zake. Wateja wananiita Dada Flashi.

Wengine wananiita Dada Mdomo, kwa sababu kwangu muvi haitoki bila maoni.

Maoni ninayo, na siyafichi. Muvi za mapigano za siku hizi zimeharibika. Steringi, yule mhusika mkuu, anapigwa risasi, anaanguka kutoka ghorofani, anajipangusa vumbi, anaendelea kutongoza. Za mapenzi nazo, wawili wakikutana tu lazima mvua inyeshe.

Miziki ndiyo usiseme. Zamani mtu akiachwa anatunga wimbo, ukilia unalia naye. Leo mtu anaachwa, anarudia neno moja wimbo mzima, halafu anatuambia tunyanyue mikono juu.

Jirani yangu, fundi cherehani, hakubaliani na mimi hata kidogo. Anashona huku redio yake inaimba nyimbo hizo hizo ninazozisema. Nikimchokoza ananijibu bila kuinua kichwa.

"Shida si muziki, dada. Masikio yako ndiyo yamezeeka."

Na kulikuwa na oni langu moja nililolishikilia kuliko yote. Steringi akifa, muvi imeisha. Yanayobaki ni kujaza muda. Mimi akishakufa tu nafunga, nafuta machozi, narudi kazini. Likumbukeni hilo.

Basi, huyo mteja.

Tulikuwa tunamwita Mzee Breki. Kazi yake ni mwalimu wa udereva, na yale magari ya kufundishia yana breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Amekaa upande wa mwalimu miaka mingi hadi mguu umezoea. Akiwa pale kibandani, gari likikimbizwa kwenye kioo cha kompyuta, mguu wake unakanyaga sakafu wenyewe. Fundi cherehani ndiye aliyempa jina, na mzee hakukasirika.

Kero yake ilikuwa moja tu. Kabla hajachukua kitu, anauliza mwisho.

"Nani anakufa humu?"

"Mzee, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Nani anakufa?"

"Muvi haiulizwi mwisho, mzee wangu. Ukishajua, utaangalia nini?"

"Nitaangalia kwa amani."

Wateja wengine wakimwona anakuja walikuwa wanatoka nje wasisikie. Kuna dada wa saluni alininunia wiki nzima kwa sababu nilimjibu mzee mbele yake, na yeye ndiyo kwanza alikuwa katikati ya sizoni ya tamthilia hiyo hiyo.

Nikadhani ni woga tu. Siku moja nikamtania.

"Mzee, mwanaume mzima unaogopa muvi."

Akatabasamu kidogo, lile tabasamu la kumridhisha mtoto.

"Si zangu hizi, binti. Ni za mama yako kule nyumbani. Anaumwa, anashinda kitandani. Sitaki aone mtu akifa."

Nikataka kusema pole. Akanyanyua mkono.

"Anaumwa sana," akasema, halafu akageuka kuangalia picha za ukutani.

Kuanzia siku hiyo nilimchagulia mwenyewe. Vichekesho. Za wanyama, ila wale wasiolana. Kama kuna bibi mgonjwa ndani yake, siitoi.

Halafu siku moja akaja anacheka.

"Leo kaagiza mwenyewe. Kaitaja kwa jina. Anataka yote, mwanzo hadi mwisho."

Ilikuwa tamthilia ya kigeni, ndefu, iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Ya mwanamke mwimbaji kwenye bendi ya harusi, na mumewe mpiga gitaa wa bendi hiyo hiyo. Nilitaka kusema kitu. Lakini mzee siku hiyo hata hakuuliza mwisho. Alikuwa na furaha kwamba mkewe ametamani kitu, na mimi sikuwa na moyo wa kumzimia ile furaha. Nikamwekea nusu ya kwanza, nikamwambia nyingine bado inaingia.

Akarudi baada ya siku kadhaa. Hakucheka.

"Binti, yule mwimbaji ameanza kukohoa."

"Ndiyo, mzee."

"Anapona?"

Nikajifanya natafuta waya.

"Nimekuuliza, anapona?"

"Hapana, mzee."

Hapo ndipo alipovuta kile kiti, akakaa, akasema asife.

"Nikirudi bila nusu iliyobaki ataniuliza," akasema. "Nikirudi nayo, itakuwaje? Tukae wawili, tuangalie lile? Siwezi."

Sauti ilimkatika. Mtu mzima, mashati yake yamenyooka siku zote utadhani ametoka dukani, analia kwenye kibanda changu mchana kweupe. Fundi cherehani kule nje alizima redio.

Jamani, ningefanyaje?

Kukata muvi si kazi ngumu. Karibu na mwisho kuna harusi ya mdogo wake yule mwimbaji. Anainuka akiwa amedhoofika, anaimba, watu wanacheza, mumewe anamwangalia huku anapiga gitaa. Nikakata hapo. Nikachukua wimbo wa mwanzo nikaulaza juu ya picha, nikazififisha taratibu, nikaleta majina ya waigizaji. Nikamwita fundi aangalie.

"Hata mimi ningeamini," akasema.

Mzee Breki alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaondoka mbio mbio.

Nilijisifu moyoni. Nikajiona nami nimetengeneza muvi.

Wiki haikuisha, simu ikalia. Sauti ya mwanamke, nyembamba, lakini ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Wewe ndiye Dada Flashi? Mimi ni mke wa mwalimu wa udereva. Flashi yako haisomi. Njoo uiangalie mwenyewe."

"Mzee yupo?"

"Yuko na wanafunzi wake. Njoo sasa."

Nikaenda. Sebule walikuwa wameigeuza chumba, kitanda kinatazama runinga, dawa ziko juu ya stuli. Kwenye fremu ya mlango yalining'inia mashati ya mzee, yamepigwa pasi hadi yanakaribia kusimama yenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Samahani, siinuki."

Aliniona nikitazama mashati.

"Nayapiga mimi. Ananiwekea meza hapa, nafanya nikiwa nimekaa. Yule hajui kupiga pasi kabisa. Nikimwambia nimfundishe, anakwenda jikoni."

Nikainama kwenye runinga. Flashi haikuwa na tatizo lolote. Ilikuwa imechomolewa tu, imewekwa kando.

"Nimemwomba jirani aichomoe," mama akasema. "Flashi ni nzima. Wewe ndiye uliyekata?"

Nikaishika ile flashi, nikaigeuzageuza.

"Nakuuliza kwa wema, mwanangu. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Mzee aliniomba. Hakutaka uone akifa."

"Nimeshamwona akifa. Tamthilia hii niliiangalia kwa mdogo wangu, kabla sijaanza kuumwa. Nilimwona akifa, nikalia, nikakojoa, nikarudi nikaendelea."

Nikamtazama bila kuelewa.

"Sasa kama ulishaiona, mama, kwa nini uliiagiza?"

"Wewe uliiangalia hadi mwisho?"

"Hadi anapokufa."

"Baada ya hapo?"

Si nimeshawaambia, steringi akifa mimi nafunga.

"Baada ya hapo kuna nusu saa nzima," akasema. "Haimhusu yule mwanamke tena, ni ya mumewe. Wamemzika, watu wameondoka, kabaki na nyumba. Asubuhi anataka kwenda kwenye mazoezi ya bendi, shati limekunjamana. Anachukua pasi. Analiunguza shati, alama nzima ya pasi hapa mgongoni. Anakaa chini analia. Halafu, mwanangu, analivaa. Analivaa hivyo hivyo, anakwenda. Wenzake wanaona, wananyamaza. Mmoja anashindwa kujizuia, anacheka. Na yeye anacheka. Wanaanza kupiga."

Alivuta pumzi.

"Nimejaribu kuongea naye. Nikisema tu, mume wangu, siku nikiondoka, anainuka. Jikoni. Redio. Anakumbuka gari halijaoshwa. Amezoea kukanyaga breki ya mwalimu, anadhani hata huku anayo. Nikasema basi, huyu anapenda tukae tuangalie muvi, nitamwekea muvi. Nimevumilia vipande vyote vile, na kuimba kwenyewe yule dada haimbi vizuri, ili tufike kwenye ile nusu saa."

Akanitazama machoni.

"Mkamkata mume wangu."

Jamani, mimi nimeambiwa maneno mengi maishani. Hayo ndiyo yaliyonichoma zaidi.

Nikaanza kujitetea, eti mzee atanichukia, nimempa ahadi.

"Atakununia, halafu ataacha," akasema. "Mimi sina muda wa kununa. Niletee."

Sikusubiri. Nilirudi kibandani na flashi ile ile, nikaongeza humo ile nzima, isiyoguswa, nikampelekea mchana ule ule. Akaificha chini ya mto.

Baada ya hapo mzee hakuja tena kibandani. Siku zikapita. Labda amenikasirikia, au mama bado hajapata nguvu ya kuiweka, sikujua lipi. Nilitamani kupiga simu, nikaogopa mzee asije akapokea yeye.

Halafu asubuhi moja fundi cherehani akaja kusimama mlangoni kwangu. Redio yake ilikuwa imezimwa.

"Mke wa Mzee Breki amefariki," akasema.

Tulikwenda msibani pamoja. Mzee alikuwa amekaa kati ya ndugu zake, anaitikia pole za watu kwa kichwa. Nilipofika mbele yake alinitazama kama hanijui. Nikasema pole, nikapita. Nililia njia nzima ya kurudi, na kilichoniliza zaidi ni kwamba sikujua kama waliwahi kuangalia.

Kibandani sikuwa na maoni tena. Mtu akiniuliza hii nzuri, namwambia angalia tu mwenyewe. Fundi akawa ananichokoza na miziki yake, simjibu, hadi akaacha.

Kisha Mzee Breki akaja. Mchana, jua kali, nimeinamia kompyuta, nikasikia kiti cha plastiki kinavutwa.

"Binti."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Aliinuka kufunga pazia kwa sababu ya jua, akanipa mgongo. Na pale mgongoni, kwenye shati jeupe, kulikuwa na alama ya pasi. Ya kahawia, nzima, na ncha yake.

Nikaziba mdomo.

"Uliiangalia," nikasema.

"Tuliiangalia."

Akakaa.

"Ilipofika pale hospitali, yule mwimbaji anapokufa, nikainuka," akasema. "Nilitaka kwenda jikoni. Akanishika shati. Hakuwa na nguvu, binti, kidole tu kwenye upindo. Akaniambia, kaa, sehemu yako bado."

Mguu wake ulikuwa unakanyaga sakafu, polepole, na hakukuwa na gari lolote kwenye kioo.

"Nikakaa. Tukaangalia yote. Ile ya pasi alicheka hadi akakohoa. Halafu tukaongea hadi akasinzia. Aliniambia kila kitu, hadi nani nimpe nguo zake. Siku zote zile nilidhani namkinga yeye. Kumbe nilikuwa nimemwacha peke yake, mimi niko jikoni."

Alilia, nami nikalia. Nje fundi alikuwa ameacha kukanyaga cherehani.

Baadaye akajifuta, akanipa flashi.

"Humu kuna mbili. Ifute ile ya kwako. Niachie ya kwake."

Nikaifuta.

"Sasa niwekee muvi yoyote."

Nikamtajia moja, nikasubiri aulize. Akawa anatazama feni tu.

"Mzee, leo huniulizi nani anakufa?"

"Weka tu. Nitaona nikifika."

Akachukua flashi yake, akatoka na lile shati lake mbele za watu wote. Fundi alipomwona mgongoni alinitazama mimi, mdomo unamchezacheza. Mzee akageuka.

"Cheka tu, fundi," akasema. "Ni pasi hiyo."

Fundi akacheka, na mzee akacheka naye.

Mimi sina funzo kubwa la kuwapa, mimi ni muuza muvi. Ila kama nyumbani kwako kuna mgonjwa, akaanza kuongea habari za kuondoka, usiende jikoni. Kaa. Muulize.

Na lile oni langu nimelifuta. Siku hizi steringi akifa sifungi, nakaa hadi majina yapite yote. Kuhusu miziki ya fundi, hapo bado sijabadilika.